Tulivyohamisha Saiba ya Riruta Hadi Mfumo wa Bure

Vijana, ninyi mkitaka programu mnabonyeza mara moja, mnarudisha simu mfukoni, na kabla hamjafika dukani imeshaingia. Sina ugomvi na hilo. Ila mnanikuta hapa nje nikichambua mchele, mnaniita shosho, bibi yenu, halafu mnashusha sauti mkianza kuongea mambo ya kompyuta kana kwamba nitaumwa na kichwa. Basi leo kaeni niwaambie. Kazi hiyo nimeila mkate wake mimi, na baadhi ya hayo mnayoyaona mapya tuliyafanya hapahapa Riruta, kwenye chumba kimoja kilichobanana kati ya bucha na saluni, kando ya barabara ya Naivasha.

Sikuanza na kompyuta. Nilianza na taipureta, katika ofisi moja ya mjini ambako wapiga chapa tulikuwa tumejipanga kama wanafunzi wa darasa, na kelele zetu zilisikika hadi kwenye ngazi. Kompyuta zilipoingia, wengi wetu waliambiwa asante, waende nyumbani. Mimi nilibaki kidogo kwa sababu nilikubali kujifunza, na huko ndiko nilikofahamiana vizuri na Khavere. Yeye alikuwa opareta wa simu, mwanamke wa Vihiga mwenye sauti ya kwamba ukimpigia simu unasahau ulikuwa umekasirika. Tulikuwa tukila pamoja, tukisengenya pamoja, na ofisi ilipohama tukaacha kazi pamoja. Tukaamua kufungua saiba, chumba cha kukodisha watu kompyuta na intaneti.

Mashine tulizipata Kilimani, katika ofisi iliyokuwa ikibadilisha zake. Zilikuwa nzito, rangi ya maziwa yaliyoungua, na zikiwaka ungefikiri kuna mtu anasaga mahindi ndani. Tulizinunua tukijua ni kuukuu. Tusichokijua ni kwamba kila mwaka programu zilikuwa zinanenepa. Mteja anakaa, anafungua ukurasa wake wa barua pepe, halafu anaangalia ukuta. Wengine walikuwa wakienda kununua mandazi na kurudi kabla ukurasa haujamaliza kufunguka.

Aliyetufundisha kazi hasa ni Bwana Kirit. Alikuwa na karakana juu ya ghorofa moja pale mtaa wa Luthuli mjini, chumba chenye dirisha moja na mabaki ya redio, televisheni na kompyuta mpaka darini. Kwao ilikuwa Parklands, alizaliwa huko, na kila asubuhi aliendesha gari lake la zamani hadi mjini akiwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, kisha anavua saa, anakunja mikono ya shati, na kuanza kuchafuka. Nilimpelekea mashine yetu moja nikimwambia imezeeka, aniuzie vipuri.

Aliifungua, akaipuliza vumbi, akaifunga.

"Nyokabi, hii mashine si mzee," alisema. "Ni wewe umeibebesha gunia la kumshinda punda. Punguza mzigo."

"Nipunguze vipi, Bwana Kirit? Wateja wanataka intaneti."

"Intaneti ni kitu nyepesi. Ni nguo tumeivalisha ndio nzito."

Akatoa sidi kwenye droo, akaitumbukiza, akawasha. Ile mashine yetu iliyokuwa ikisaga mahindi iliamka kama mtu aliyeitwa jina lake. Skrini ilikuja na picha ndogondogo chache, kivinjari kimoja, programu moja ya kuandikia, kikokotoo. Nikamuuliza amefuta vitu vyetu? Akasema hajagusa chochote. Mfumo wote wa kuiendesha mashine, tena wa bure, ulikuwa kwenye sidi, umeingia kwenye kumbukumbu ya mashine na kukaa humo. Akatoa sidi akaniwekea mkononi, na mashine bado inaendelea kufanya kazi! Nilicheka peke yangu kwenye ngazi nikishuka.

Lakini sikuitumia. Nilirudi nikamwonyesha Khavere, akasema ni mchezo mzuri, tukaiweka kwenye kabati. Mnajua vile mtu anakuwa na dawa nyumbani lakini bado hajaugua.

Tulikuja kuugua mwaka uliofuata. Habari zilianza kutoka mjini kwamba kuna watu wanazunguka wakikagua leseni za programu. Saiba nyingi wakati huo, na yetu pia, zilikuwa na mifumo ya kunakiliwa, isiyolipiwa. Fundi alikuwa anakuja na sidi moja imeandikwa kwa kalamu ya wino, anapita mashine zote, anaondoka. Hakuna aliyeuliza. Halafu jamaa mmoja tuliyemfahamu, mwenye saiba karibu na stendi ya mabasi, akabebewa mashine zake zote mchana kweupe, wateja wakiwa bado wameshika vipanya. Tulienda kumpa pole tukamkuta amekaa kwenye chumba kitupu, nyaya zimening'inia ukutani.

Tulirudi Riruta. Tulipofika nikatoa ile sidi kabatini.

"Tubadilishe," nikamwambia Khavere. "Zote."

"Zote? Nyokabi, mtu akikuja hapa anataka kitu anajua. Amezoea pale chini kushoto kuna kidude anabonyeza. Sasa unamletea hii, atashika wapi?"

"Atazoea."

"Atazoea kwa jirani. Huko kuna saiba zingine."

"Na wakija wale watu?"

"Riruta? Watatoka mjini wakuje mpaka huku kwa matope?"

Tulibishana wiki nzima, tukihudumia wateja huku tumenuniana. Mwishowe alikubali kwa sharti kwamba tujaribu tu. Alisema hivyo akiniangalia usoni: tujaribu tu.

Sasa hapa ndipo nataka mnisikilize kama watu wa kazi, maana kupakua programu ni kazi yenye adabu yake. Sidi ya Bwana Kirit ilikuwa toleo la zamani, tulitaka jipya, na laini yetu ya intaneti ilikuwa ya simu. Ukianza kupakua faili kubwa na mtu akainua mkono wa simu, imekatika, unaanza tena. Tulijaribu mara kadhaa na kila mara kitu kinakatikia njiani. Nikamkumbuka Dorcas, tuliyekuwa naye ofisi ile ya zamani, ambaye sasa alikuwa sekretari kwa wahandisi fulani Kilimani. Wao walikuwa na laini nzuri. Bosi wake akakubali nije saa ya chakula cha mchana, mradi nisile juu ya kibodi.

Khavere akanisindikiza, kwa sababu hata tukigombana hatukuwa watu wa kuachana barabarani. Tukakaa kwenye dawati la Dorcas, nikatafuta jina la ule mfumo. Ukurasa wa kwanza uliojitokeza ulikuwa na vitufe vya kijani vikubwa kama sahani, kila kimoja kimeandikwa pakua bure, pakua sasa, pakua haraka.

"Si ni hii?" Khavere akasema. "Bonyeza."

Nilikuwa nimeshaonywa na Bwana Kirit. Alinifundisha hivi, na ninyi mshike: programu ya bure ya kweli haipigi kelele. Nenda kwa walioitengeneza, si kwa anayekuambia anayo. Kule kwao mara nyingi ukurasa ni mbovu wa kutazama, maandishi tupu, hakuna picha ya msichana anayecheka. Hapo ndipo pazuri. Nilitafuta mpaka nikaupata ukurasa wa wenyewe, wa kijivu kabisa, na kitu kidogo cha kubonyeza kule chini.

Ilipoisha kupakuliwa Khavere akasimama achukue mkoba. Nikamwambia bado. Pembeni ya faili wale watu wanaandika safu ndefu ya herufi na tarakimu isiyosomeka kama neno. Hiyo ni kama alama ya kidole ya faili. Kuna programu ndogo unaiambia ikusomee alama ya faili uliyopata, halafu unalinganisha na ya wenyewe. Zikitofautiana hata kwa herufi moja, kuna kilichoharibika njiani, au kuna mtu ameingiza mkono.

"Nisomee," nikamwambia.

Khavere alinisomea kwa ile sauti yake ya kuunganisha simu za ng'ambo. "Nane. A. Tatu. Tatu. F." Dorcas akaacha kula akawa anasikiliza. Tulifika katikati nikamwambia rudia. Akarudia. Ilikuwa tofauti kabisa kuanzia mwanzo, mimi ndiye nilikuwa nasikia ninachotaka kusikia.

"Sasa si herufi tu hizo?" Dorcas akauliza.

"Hapana. Tunapakua tena."

Khavere alikaa chini akavua viatu. Mara ya pili alama zililingana, akapiga dawati la wenyewe kwa kiganja kama mtu aliyefunga goli. Mkichoma sidi, yaani kuandika faili ndani yake, chomeni polepole. Mashine itakupa kasi kubwa na utafurahi, halafu sidi inakataa kusomeka kwenye kompyuta za zamani. Hilo nalo tulilijua kwa kutupa sidi kadhaa kwenye taka.

Basi tukabadilisha. Tulifunga Jumapili baada ya kanisa, Jumatatu tukafungua.

Mteja wa kwanza alikaa, akaangalia skrini, akainua mkono kama yuko shuleni. "Madam, hii imeharibika."

"Haijaharibika. Unataka nini?"

"Nataka kuingia."

"Umeshaingia."

Siku hiyo ilikuwa ndefu. Vijana waliokuja kuangalia matokeo ya mpira walikuwa wanatafuta ile herufi ya bluu ya kivinjari walichozoea, na kilichokuwepo kilikuwa na picha ya dunia. Mmoja aliniuliza, "Sasa mathee, hii intaneti ni ya wapi?" kana kwamba kuna ya Kenya na ya kwingine. Mwalimu mmoja aliandika wasifu wake wa kuomba kazi, akaupeleka ofisi ya watu, ulipofunguliwa huko kichwa cha habari kikawa kimeshuka ukurasa wa pili na jina lake limebaki juu peke yake. Alirudi akaniwekea karatasi mezani bila salamu. Nilimwandikia upya, nikajua kwamba mtu akienda kutuma barua nje ni lazima uifunge kwenye faili ambayo haibadiliki sura, na uweke aina za herufi zinazofahamika kila mahali. Hakuna kitabu kilichonifundisha hilo, ni uso wa yule mwalimu.

Aliyetushangaza ni Mzee Wekesa. Alikuwa bawabu katika fleti za Kilimani, akitoka zamu asubuhi anapitia kwetu kusoma barua pepe za binti yake aliyekuwa masomoni nje. Hakuwa na mazoea na mfumo wowote. Nikamwonyesha mara moja, akasema sawa, akaendelea. Wakati vijana wanalalamika, yeye anageuka na kuwaelekeza: "Bonyeza hapo kwa dunia, kijana. Hapo kwa dunia." Alikuwa ameingia bila kitu cha kusahau.

Lakini Mzee Wekesa mmoja hajazi saiba. Wateja walipungua. Khavere alihesabu viti vitupu kwa macho tu, hakusema. Kisha siku moja akasema.

"Tulisema tutajaribu, Nyokabi."

"Tupe muda."

"Mimi niko na watoto shule. Muda gani?"

Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali. Alichukua nusu yake ya mashine, akapata chumba ng'ambo ya barabara, karibu na fundi wa nguo, akaita fundi yule wa sidi ya kalamu ya wino. Baada ya wiki chache alikuwa na wateja wamesimama mlangoni. Nilikuwa nawaona kutoka mezani kwangu, baadhi yao wangu. Tulikuwa tukisalimiana, ndiyo. "Sasa, Nyokabi." "Poa, Khavere." Kama watu waliokutana benki. Wenye saluni walikuwa wanatungoja tugombane hadharani wapate cha kuongea, hatukuwapa. Lakini chakula cha mchana nilikila peke yangu, na chakula cha kula peke yako hata ukitie chumvi vipi hakikolei.

Bwana Kirit alisikia, akaja. Hakuwahi kufika Riruta. Aliegesha gari lake akalitazama kama anayeliaga. Alikaa kwenye mashine zangu moja moja, akaniambia kazi ni nzuri ila nimeisahau sehemu moja.

"Umefikiria mashine. Mtu hujamfikiria. Akikaa hapa anaona nini?"

Nikaangalia. Kila kitu kilikuwa kimeandikwa majina ya programu, majina ambayo mwenye kuyajua ni aliyezitengeneza. Mfumo ule wa bure ulikuwa na uzuri huo, kwamba unaweza kubadilisha chochote, na mimi sikuwa nimebadilisha kitu. Tukakaa siku nzima. Tukaandika "Intaneti". Tukaandika "Andika Barua". "Muziki". "Toa kwa Karatasi". "Zima". Kile cha kubonyeza tukakiweka kule chini kushoto walikozoea, kisha tukayachoma yote hayo kwenye sidi mpya. Ile kazi ndiyo iliyoniokoa. Watu hawakuchukia mfumo, walichukia kuonekana wajinga mbele za watu.

Kilichonisaidia pia ni flash, vile vidude vya kubebea faili mfukoni. Wakati huo zilikuwa zimeanza kuenea, na virusi vilikuwa vinasafiri nazo kama chawa. Mtu anachomeka flash yake saiba moja, anaichomeka nyingine, akifika nyumbani mafolda yote yamegeuka vitu vya ajabu. Kwenye mfumo wangu virusi vile vilikuwa vinaonekana vimelala tu, faili kama faili nyingine, havina nguvu. Nilikuwa naviona kwa macho na kuvifuta. Watu wakaanza kuja: "Mathee, nisafishie." Wakishasafishiwa wanakaa dakika chache. Polepole viti vikajaa tena, si vyote.

Sasa mnajua vile tulivyokuwa, mimi upande huu, Khavere upande ule, ili mwelewe ile Alhamisi.

Yule fundi wa nguo aliyekuwa jirani yake aliitwa Rosa. Mtu wa Vihiga pia, wa kijiji cha karibu na cha akina Khavere. Alikuwa mcheshi, alinishonea rinda la harusi ya dada yangu na akaniambia waziwazi kwamba nimenenepa tangu alipochukua vipimo. Rosa aliugua ghafla, akalazwa, akafa. Watu wa kwao wakakubaliana azikwe nyumbani Jumamosi, na basi la waombolezaji liondoke Ijumaa. Kazi ya kutengeneza programu ya mazishi, kile kijitabu cha ratiba na wasifu wa marehemu, alipewa Khavere, nani mwingine?

Alhamisi mchana nilimwona Khavere akivuka barabara. Amekumbatia sipiyu, lile sanduku la kompyuta, ameifunga kwa leso kama mtoto, magari yanampigia honi, haangalii kulia wala kushoto. Nyuma yake kulikuwa na mwanamume aliyenyoa kichwa, Amosi, kaka yake Rosa.

Aliiweka juu ya meza yangu.

"Imekataa kuwaka," alisema. "Inajizima, inajiwasha, inajizima. Fundi amesema hakuna ingine, ni kufuta kila kitu."

"Ilianza vipi?"

"Kuna kivinjari nilitoa kwa mtandao. Waliandika ni ya bure na inaongeza spidi." Akavuta ncha ya leso. "Ilikuwa na kitufe kijani."

Nikaifungua leso.

"Picha ya Rosa iko ndani," akasema.

Amosi ndiye aliyeeleza mengine, polepole, kama mtu anayetoa ushahidi. Rosa alikuwa na picha moja tu nzuri, aliyopigwa siku alipofungua duka. Aliwahi kuipeleka kwa Khavere ikaingizwa kwenye kompyuta ili itumwe kwa rafiki. Baadaye mvua ikavuja nyumbani kwake, ile ya karatasi ikaharibika. Zaidi ya hapo kilichobaki ni kitambulisho, na kwenye kitambulisho, alisema, dada yake anaonekana kama amekamatwa. "Mama hajamwona tangu Krismasi ya mwaka juzi," akasema. "Tukimpelekea hiyo ya kitambulisho…"

Niliwaambia wakae. Nikaunganisha skrini na kibodi, nikaweka ile sidi tuliyochoma na Bwana Kirit, nikawasha.

Niwaeleze nilichokuwa nakifanya, kwa sababu siku moja mtaletewa mashine ya mtu analia. Mfumo ukiharibika si lazima vitu viwe vimepotea. Ni kama nyumba ambayo kufuli limekwama: vyombo bado viko ndani. Ukitaka kuvitoa unaingia kwa mlango mwingine, na mlango huo ni mfumo mdogo unaokaa kwenye sidi, ambao hautegemei diski ya ndani kabisa. Jambo la kwanza ni kutoandika chochote kwenye ile diski. Unaifungua kwa kusoma tu. Usiguse, usirekebishe, usijifanye fundi. Toa kwanza vya watu.

Mashine ilinguruma. Skrini ikabaki nyeusi muda ambao ulimtosha Amosi kutoka nje na kurudi. Halafu zile picha zangu zikajitokeza: Intaneti, Andika Barua. Nikasikia Khavere akivuta pumzi.

Diski ilionekana. Nikaifungua, ikaanza kutoa sauti ya kukwaruza ambayo sikuipenda, na mafolda yakaja moja moja, mengine majina yake yamegeuka alama tupu.

"Uliiweka wapi?" nikamuuliza.

"Kwa folda yake. Niliandika Rosa."

Hakukuwa na Rosa. Tukatafuta tena. Wateja wawili walikuwa wamesimama nyuma yetu, hakuna aliyewafukuza. Ndipo nikakumbuka vile virusi vilivyokuwa vikifanya kwenye flash za watu, vinaficha mafolda halisi na kuweka ya uongo badala yake. Nikaiambia mashine ionyeshe na vilivyofichwa. Yakajitokeza mafolda kibao yaliyopauka rangi, na kati yake, Rosa.

Nikabonyeza. Picha ikafunguka kutoka juu kwenda chini, mstari kwa mstari, kwa sababu diski ilikuwa inaisoma kwa shida. Kwanza bango la duka. Halafu kilemba. Halafu uso, unacheka, mdomo wazi kabisa, kama aliyemwambia mpiga picha jambo la aibu. Halafu mkono wake juu ya cherehani.

Amosi alisema jina lake la nyumbani, lile la utotoni, mara moja tu. Khavere akageukia ukuta.

Nilinakili ile picha mara mbili mahali tofauti kabla ya kupumua. Kisha tukafanya kazi. Khavere alivuta kiti akakaa kando yangu kama zamani, akawa ananisomea wasifu kutoka karatasi za familia nami napiga chapa; vidole vyangu bado vilikuwa vya taipureta na yeye sauti yake bado ilikuwa ya opareta. Alizaliwa lini, alisoma wapi, ameacha nani. Tulipofika mahali pa kusema alikuwa mtu wa namna gani, karatasi ilisema alikuwa mcha Mungu na mwenye bidii.

"Ongeza alikuwa anachekesha," Khavere akasema.

Nikamwangalia Amosi. Akaitikia kwa kichwa. Tukaongeza.

Printa yangu ilikuwa na tabia zake, ikatoa kurasa za kwanza na mistari ya bluu usoni pa Rosa. Tukaisafisha kwa kitambaa, tukaibembeleza, ikakubali. Khavere akakunja karatasi kwa ukucha, mkunjo mmoja safi, rundo baada ya rundo, mpaka wenye bucha wakaanza kufunga. Amosi alizibeba kwenye katoni la mafuta ya kupikia. Khavere akaichukua sipiyu yake na leso yake, akasema asante, nikasema haya.

Alisafiri na basi lile. Mlango wake ulikaa umefungwa wikendi nzima.

Jumatatu asubuhi alikuja kabla sijamaliza kufagia. Alikuwa bado na vumbi la safari kwenye viatu. Akakaa kwenye kiti cha wateja, akanihadithia mazishi: mvua ilinyesha kidogo, mchungaji alihubiri sana, watu walicheka pale palipoandikwa kwamba alikuwa anachekesha. Mama yake Rosa hajui kusoma. Alipewa programu akaishika kwa mikono yote miwili ibada nzima, anaiangalia picha, anapitisha kidole kwenye cherehani. Walipomaliza, Khavere alienda kumpa pole, yule mama akamshika mkono akamuuliza ni nani aliyempata mtoto wake akamleta nyumbani akiwa anacheka hivyo.

"Ukamwambiaje?" nikamuuliza.

Khavere aliinama akafunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka.

"Nilimwambia ni sisi," akasema.

Nikaweka ufagio kando. Tukavuka barabara kwenda kuzileta mashine zake.